WIMBO UNA MWENYEWE

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu nipate kusema machache juu ya jambo lililotokea hapa shuleni tarehe 7 Julai, tulipoadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani. Nakiri tangu mwanzo kwamba kosa lilikuwa langu mwenyewe. Wako wenzangu watakaosema kuwa nimelikuza jambo dogo. Na waseme; nami nitasema yangu.

Wasomaji wengi walikuwapo siku ile. Walikuja wageni kutoka ng'ambo, waliokuwa safarini kwenda kutazama michoro ya miambani, wakaombwa wapite kwanza shuleni kwetu wasikilize kwaya. Mimi nilipewa kazi ya kuandika ratiba. Nyimbo zilikuwa tatu. Wa kwanza ulikuwa Wimbo wa Taifa, na kando yake sikuandika neno, maana nani asiyeujua? Wa pili ulikuwa wimbo wa Kirangi ambao akina mama huuimba wakati wa kupura uwele. Wa tatu ulikuwa "Jambo Bwana", ambao mwalimu wetu wa kwaya aliuunganisha mwishoni na "Hakuna Matata", ule wimbo wa sinema ya simba. Kando ya wimbo wa pili niliandika "wimbo wa asili". Na kwa kuwa nilikuwa na haraka, na kalamu ilikuwa imekwisha zoea, kando ya wa tatu nikaandika vivyo hivyo: "wimbo wa asili".

Tuliimba vizuri. Wageni walipiga makofi, na wengine waliimba pamoja nasi. Walipokuwa wakinywa chai aliniita mzee mmoja mwenye mvi, dereva wa gari lililowaleta. Alikuwa ameishika ile karatasi yangu.

"Shikamoo babu," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Karatasi hii kaandika nani?"

"Ni mimi."

"Basi nieleze. Huyu Bwana Asili ni mtu wa wapi? Namwona hapa ametunga nyimbo mbili."

Nikacheka, nikidhani anafanya mzaha. Yeye hakucheka. Akaniambia kwamba ni mtu wa Pwani ya Kenya, na kwamba "Jambo Bwana" ulipotoka yeye alikuwa kijana akibeba mizigo ya wageni katika hoteli moja ya ufukweni. "Wimbo huu nimeujua tangu ungali mpya," akasema. "Una mwenyewe, na mwenyewe ana jina." Kisha wageni wake wakamwita, wakapanda gari, wakaenda zao mlimani, nami nikabaki na karatasi mkononi.

Kesho yake nilimwomba mwalimu mmoja anisaidie kutafuta habari katika intaneti, na tangu hapo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata juu ya wimbo huu. "Jambo Bwana" ulitungwa na Teddy Kalanda Harrison, kiongozi wa bendi iitwayo Them Mushrooms, ambayo yeye na ndugu zake waliianzisha mwaka 1972 huko Pwani ya Kenya. Bendi hiyo ilikuwa ikipiga muziki katika hoteli za watalii, na Kalanda aliona jinsi wageni walivyopenda kujifunza maneno mawili matatu ya Kiswahili wakayapeleke kwao. Akayatia maneno hayo katika wimbo: salamu, kuulizana hali, kumkaribisha mgeni na kumwondolea wasiwasi. Kwa hakika ni somo la kwanza la lugha lililotiwa gitaa. Santuri yake ilitoka mwaka 1982.

Wimbo haukukaa nyumbani. Mwaka uliofuata, 1983, uliimbwa na Boney M., kundi la Ujerumani lililokuwa na waimbaji wenye asili ya visiwa vya Karibiani, ambao miaka miwili kabla ya hapo walikuwa wameimba pia "Malaika". Huko Mombasa kwenyewe bendi nyingine ziliushika, kama Mombasa Roots na Safari Sound Band, na kila bendi iliongeza hapa ikapunguza pale. Wapagazi wa Kilimanjaro wameutia jina la mlima wao. Zanzibar wametia jina la kisiwa. Sisi nasi katika kwaya yetu tulitoa Kenya tukatia Kolo, na naomba nikiri kwamba mtu aliyetoa shauri hilo ni mimi, na nililiona ni shauri zuri sana.

Sasa nije kwenye sinema. Iitwayo The Lion King ilitoka Marekani mwaka 1994, kazi ya kampuni ya Walt Disney. Wimbo wa "Hakuna Matata" uliomo ndani yake ulitiwa lahani na Elton John, na maneno yake ya Kiingereza yaliandikwa na Tim Rice, wote wawili Waingereza. Hapa lazima niseme kweli, maana nimewasikia wenzangu bwenini wakidai kwamba wimbo wa sinema umeibwa kutoka kwa Kalanda. La, sivyo. Lahani ni nyingine kabisa. Msikilize mmoja, kisha msikilize wa pili, hata asiyejua muziki atasikia tofauti. Kinachofanana ni maneno mawili tu, na maneno hayo si ya Kalanda peke yake wala si ya Disney. Watengenezaji wa sinema walisafiri Kenya kabla ya kuichora, na maneno hayo waliyasikia kwa mwongozaji wao wa safari. Jina la mwongozaji huyo nimelitafuta nisilione.

Mimi sinema hiyo niliiona mara ya kwanza nilipokuwa darasa la tatu, katika kibanda cha video Kondoa mjini, na ilikuwa imetiwa sauti ya mtafsiri. Wanaovijua vibanda hivyo wanajua kazi ya mtafsiri: humsemea simba, fisi na nyani peke yake, na akipenda huongeza yake. Lakini ngiri na nguchiro walipoanza kuimba "Hakuna Matata" mtafsiri alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hapa jamani mnasikia wenyewe." Kibanda kizima kikacheka. Tulicheka pia majina. Hakuna mzazi wa huku atakayemwita mwanawe Pumbaa, ila aliyemtafutia yule ngiri jina hilo alikuwa anajua Kiswahili, maana kweli amepumbaa.

Wimbo huo nao umeimbwa na wengi. Mwaka 1995 Jimmy Cliff wa Jamaika aliuimba pamoja na Lebo M. wa Afrika Kusini, ambaye ndiye aliyeimba kwa Kizulu ule mwanzo wa sinema, jua linapochomoza. Mwaka 1997 sinema ikawa mchezo wa jukwaani huko New York. Mwaka 2019 ikatengenezwa upya na waimbaji wapya. Katika mashindano ya tuzo ya Oscar ya mwaka 1995, nyimbo tatu za sinema hii zilipendekezwa, "Hakuna Matata" ukiwa mmojawapo, ukashindwa na ndugu yake wa sinema ile ile.

Rafiki yangu mmoja wa kidato changu, ambaye hupata alama nyingi za Kiswahili kuliko sisi sote, anasema kwaya iziache nyimbo hizi mbili kabisa. Sababu yake ni kwamba zinawafundisha wageni Kiswahili kisichosemwa na mtu. Anauliza: ni nani hapa Kolo akikanyagwa mguu sokoni husema "hakuna matata"? Tunasema "hamna shida", au "usijali", au tunanyamaza tu kwa adabu. Na "jambo" je? Mtoto akimwambia bibi yake "jambo" atapigwa kofi, na atakuwa amelistahili. Mzee husalimiwa "shikamoo", na hata kwa marika neno kamili ni "hujambo", na jibu lake "sijambo".

Katika hili nakubaliana naye nusu. Ni kweli kwamba wageni hufika hapa wakitusalimu kwa maneno ambayo sisi hatuyatumii, kisha sisi, ili tusiwavunje moyo, huwajibu kwa maneno hayo hayo, na mwisho pande zote mbili zinasema lugha isiyo ya mtu. Nimewaona watoto wadogo wa barabarani, ambao nyumbani husema Kirangi na shuleni Kiswahili kizuri, wakikimbilia magari wakipiga kelele "Jambo! Jambo!" kana kwamba wamesahau salamu zao zote.

Lakini "matata" si neno la watalii. Fungua kamusi utaona ukoo wake. Uzi ukitata, umejifunga mafundo. Jambo lenye utata ni lile lisilofunguka upesi. Tatizo ni ndugu yao, na kutatanisha, na kutatua, yaani kuyafungua yaliyojifunga. Mwalimu wa hesabu anapotuambia "tatueni swali hili" anatumia mzizi ule ule ambao ngiri wa Marekani anauchezea. Neno lenye watoto wengi kiasi hicho haliwezi kuitwa la kigeni kwa sababu tu mgeni amelipenda.

Wako wanaokasirika kwa sababu nyingine. Mwaka 1994 kampuni ya Disney iliomba huko Marekani kuyaandikisha maneno "Hakuna Matata" kuwa alama yake ya biashara kwa nguo, na mwaka 2003 ikakubaliwa. Mwaka 2018 habari hiyo iliwafikia watu wengi wa Afrika, na watu kwa maelfu wakatia saini zao kupinga. Mimi, nikisema kweli, sikuudhika kama wao. Alama ya biashara haimkatazi mtu kusema, na hatakuja askari Kolo kumkamata mzee kwa kusema hakuna matata. Ila ni jambo la ajabu kidogo kwamba katika sinema imeandikwa ni nani aliyetunga lahani, ni nani aliyeandika maneno ya Kiingereza, na kwa nguo ni nani mwenye alama. Na yule mwongozaji aliyeyatamka maneno yenyewe, wakiwa ndani ya gari, hakuandikwa popote.

Lililoniudhi hasa ni jingine, nalo limo ndani ya sinema hiyo hiyo. Wasomaji walioiona watakumbuka kwamba ngiri na nguchiro, wakitembea msituni, wanaimba kidogo wimbo mwingine, juu ya simba aliyelala. Wimbo ule una historia. Mwaka 1939, huko Johannesburg, Mzulu mmoja aitwaye Solomon Linda aliingia na wenzake katika studio ya kampuni ya Gallo, wakarekodi wimbo wao "Mbube", yaani simba. Linda aliuza haki zake kwa shilingi 10. Santuri ilisafiri hadi Marekani, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 kundi la The Weavers likauimba likiuita "Wimoweh", maana hawakusikia sawasawa maneno ya Kizulu. Mwaka 1961 vijana walioitwa The Tokens wakauimba tena kwa maneno mapya ya Kiingereza, ukawa wimbo wa dunia nzima. Linda alikufa mwaka uliofuata, 1962, akiwa maskini. Sinema ya simba ilipotoka, miaka 32 baada ya kifo chake, binti zake walikuwa wakiishi Soweto katika umaskini. Mwaka 2000 Rian Malan, mwandishi wa Afrika Kusini, aliiandika habari hiyo yote. Mwaka 2004 warithi walikwenda mahakamani kudai, na mwaka 2006 pande zote zikapatana, nao wakaanza kupata sehemu yao.

Nataka wasomaji wafikiri jambo hili jinsi lilivyokuwa rahisi. Hakuna aliyemnyang'anya Linda kwa bunduki. Ilitosha tu kwamba kwa miaka mingi watu waliupokea wimbo ule kama kitu cha Afrika, kilichoota chenyewe kama majani. Walisema ni wimbo wa asili. Na mimi hapa Kolo, mtoto wa Afrika, niliandika neno lilo hilo kwa kalamu yangu, juu ya wimbo wa Kalanda, na kumpa mgeni asome.

Pengine mtu atasema, "Basi Wazungu ndio desturi yao." Asiseme haraka. Sisi Waswahili tumeimba nyimbo za sinema za watu kwa miaka mingi. Sinema za Kihindi zilipokuwa zikijaza majumba ya Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa, waimbaji wa taarabu walizisikia zile lahani, wakazipenda, wakazitia mashairi ya Kiswahili. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alikuwa bingwa wa mtindo huo, na mashairi mengi aliyoyaimba ni ya nduguye Ahmad Nassir, mshairi mkubwa. Nyimbo hizo ni tamu, na mimi sioni aibu yo yote ndani yake. Shairi la Kiswahili likikaa vizuri katika lahani ya Bombay, limekaa. Lakini mwulize shabiki wa taarabu: mshairi ni nani? Atakujibu upesi. Mwulize: na lahani ni ya sinema gani, mtungaji wake nani? Hapo mara nyingi atasema, "Ah, ya Kihindi tu." Neno "ya Kihindi tu" na neno "ya asili tu" naona ni mapacha.

Na kuna wimbo mmoja zaidi, nao ndio wa kwanza katika ratiba yangu, ule ambao sikuuandikia neno. Kila asubuhi tunasimama mstarini tunauimba. Lahani yake ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule huko Johannesburg. Tanganyika ilipopata Uhuru mwaka 1961 tuliichukua tukaitia maneno yetu ya Kiswahili. Wazambia wana maneno yao kwa lahani hiyo hiyo. Na wenyewe Afrika Kusini wanayo yao. Ni nani atakayesema kwamba kwa sababu hiyo wimbo wetu si wetu? Mimi nikiusikia nywele husimama. Nilipowauliza wenzangu kumi katika bweni letu jina la mwalimu yule, mmoja tu alilijua, na huyo alilijua kwa kuwa aliwahi kukosa swali hilo katika chemsha bongo.

Kwa hiyo siungi mkono shauri la rafiki yangu la kuziacha nyimbo hizi. Kwaya na iimbe "Jambo Bwana", na itie Kolo ikipenda, na iunganishe na wimbo wa sinema mwishoni, maana wageni hufurahi na sisi pia hufurahi. Ninaloomba ni jambo dogo lisilogharimu hata senti: kabla ya kuimba, mmoja wetu asimame aseme wimbo ni wa nani, umetungwa lini, na sisi tumebadili nini. Hata dakika moja haitapita. Mwalimu wa kwaya nimekwisha mwambia. Alisema atafikiri, kisha akaniuliza kama niko tayari kusimama mimi.

Wageni wale, walipotoka kwetu, walipanda mlima hadi kwenye michoro. Sisi wa hapa tumeizoea, lakini tangu mwaka 2006 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia, na watu husafiri siku nyingi kuja kuiona. Iko ile ya zamani sana, myekundu, ya watu wembamba wenye vichwa vya ajabu na wanyama, na juu yake iko myeupe iliyochorwa na watu waliokuja baadaye, mahali pengine rangi nyeupe imekaa juu ya nyekundu. Wachoraji wale hakuna awezaye kututajia jina la hata mmoja. Hapo mwongozaji akimwambia mgeni kwamba hatujui, amesema haki. Kalanda tunamjua. Linda tunamjua. Sontonga tunamjua.

Lakini yule mzee dereva alisema alimwona Bwana Asili mara mbili katika karatasi yangu, na mimi mpaka sasa nimeeleza mara moja tu. Wimbo wa kupura uwele nilikuwa na hakika nao. Nimeusikia tangu nabebwa mgongoni. Nikadhani ulikuwako tangu watu walipoanza kulima uwele. Nilipokwenda nyumbani mwisho wa juma nilimwuliza bibi yangu, kwa kutaka tu kuhakikisha, "Bibi, ule wimbo wa kupura, umetoka wapi?"

Bibi alikuwa akichambua mboga. Hakuinua hata kichwa. Akanitajia jina la mwanamke mmoja, jirani ya mama yake, akaniambia na mwaka: mwaka wa njaa fulani, ambapo baada yake uwele ulikubali sana. Akasema mwanamke huyo aliutunga wakiwa uwanjani wanapura, na kwamba ubeti wa mwisho ambao kwaya yetu huuacha, kwa kuwa ni mgumu, unamtaja mumewe aliyekuwa ameondoka kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge asirudi. "Mlidhani umetoka wapi?" akaniuliza.

Jina hilo sitaliandika hapa, maana wajukuu zake wapo, na ni juu yao kusema kama wanataka litajwe mbele ya wageni. Nyumba yao haiko mbali. Nitakwenda likizo hii kuwauliza, na bibi ameahidi kunifundisha ubeti ule.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu,
Kolo.